Shajara ya mradi: mandhari ya maumbo bapa kwa rangi za maji

Awamu ya 1: karatasi na ubao

Lengo la mradi ni kuchora mandhari ya milima, maji, mashamba na majengo yaliyopunguzwa hadi maumbo yasiyozidi 12. Kila umbo litakuwa na mpako (rangi yenye maji mengi iliyotandazwa kwa pamoja) mmoja bapa au mpako mmoja unaofifia, na wino hautatumika popote. Mstari wowote utakaoonekana kwenye picha utakuwa ni mahali ambapo rangi mbili zinakutana. Sharti hilo ndilo linaloongoza uamuzi kuhusu karatasi, brashi, na mpangilio wa kukausha.

Wengi huanza mtindo huu wakidhani ni rahisi kwa kuwa maumbo ni machache. Kuchora ni rahisi kweli, lakini kupaka ni kazi nyingine. Mti uliochorwa jani kwa jani humeza doa bila mtu kulitambua, ilhali pembetatu tupu ya sm 10 huliweka hadharani.

Karatasi kamili ya sm 56 kwa 76 imekatwa vipande 8 vya sm 28 kwa 19. Ukitoa sm 1 ya tepu kila upande, nafasi ya picha inabaki sm 26 kwa 17. Ukubwa huu umechaguliwa makusudi: mpako unaweza kufika chini kabla sehemu ya juu haijaanza kukauka. Anayeanza na karatasi kubwa hupambana na mambo mawili kwa pamoja, umbo na muda.

Aina ni pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa kati, si laini kabisa wala si wa mikwaruzo. Karatasi ya nyuzi za mbao ilijaribiwa kando yake, na tofauti haikuhitaji darubini. Ya mbao hukauka haraka, mpako huacha mistari ya maungio, na tabaka la pili huamsha la kwanza kwa sababu rangi imekaa juu juu. Ya pamba huhifadhi maji kwa muda mrefu zaidi na hukubali tabaka tatu au nne. Kwa mazoezi ya kuchora na kupima toni, yaani uzito au wepesi wa rangi, ya mbao inatosha. Kwa mpako bapa inakufundisha tabia mbaya, maana utalaumu mkono wako kwa kosa la karatasi.

Uso laini kabisa huvutia kwa mtindo huu kwa sababu ukingo hutoka mkali, lakini juu yake maji huteleza na mpako hupata mawimbi. Uso wa mikwaruzo hufanya kinyume: mpako hutulia vizuri, ila ukingo hukatikakatika. Uso wa kati ndio unaopatanisha.

Kipande kimebandikwa kwenye plaiwudi pande zote 4 kwa tepu ya karatasi, na ukingo wa ndani wa tepu umesuguliwa kwa mgongo wa kijiko ili maji yasipenye. Karatasi ya gramu 300 kwa ukubwa huu haihitaji kulowekwa. Ya gramu 200 au chini yake ingepaswa kulowekwa kama dakika 5, kubandikwa ubaoni kwa tepu ya gundi inayolainishwa na maji, kisha kuachwa ikauke ikiwa imelala. Ikisimamishwa, maji hushukia upande mmoja na karatasi huvutika bila usawa.

Awamu ya 2: rangi 5

Jina lililoandikwa mbele ya tyubu halitoshi, kwa sababu watengenezaji wawili wanaweza kuita rangi mbili tofauti kwa jina moja. Kinachosomwa ni msimbo wa pigmenti, yaani wa unga wa rangi wenyewe, ulio nyuma. Zilizochaguliwa ni hizi:

- PB29, samawati ya ultramarini. Ina chembe zinazotua kwenye vibonde vya karatasi, na hufutika kwa kiasi.
- PB15:3, samawati ya fithalo. Laini, haina chembe, ina nguvu kupita kiasi, na haitoki ikishakauka.
- PY42, njano ya udongo.
- PBr7, kahawia iliyochomwa.
- PV19, waridi ya kwinakridoni, kwa ajili ya zambarau za mbali.

Hakuna nyeusi. PB29 na PBr7 zikichanganywa hutoa kijivu cha kila namna: ukizidisha samawati kinapoa, ukizidisha kahawia kinapata joto, na kikikolezwa kinakaribia weusi. Kijani pia hakikununuliwa. PY42 na PB29 hutoa kijani kilichotulia, kinachokaa vizuri kando ya kahawia. Kijani cha fithalo cha moja kwa moja kwenye tyubu hupiga kelele ndani ya umbo bapa, kwa sababu hakuna kitu kingine pale cha kukituliza.

Chembe za PB29 ni suala la kuamua mapema. Kwenye jabali au upande wa mlima zinaongeza uhai. Kwenye ukuta wa nyumba au anga tulivu zinaonekana kama uchafu, na hapo PB15:3 ndiyo inayofaa. Ile PB15:3 nayo iwekwe kwenye paleti mbali na wenzake: kiasi cha ncha ya kiberiti kinatosha kubadilisha kijiko kizima cha njano.

Awamu ya 3: toni kabla ya rangi

Kabla ya rangi yoyote imetengenezwa ngazi ya toni 5 kwa kijivu cha PB29 na PBr7. Toni ya 1 ni karatasi tupu. Ya 5 ni nzito kadiri rangi inavyoweza kufika ikiwa bado inatiririka. Njia ya kawaida ya kupunguza kwa nusu (sehemu moja ya mchanganyiko, sehemu moja ya maji, kisha tena na tena) haitoi hatua zilizo sawa machoni. Ngazi za juu hutofautiana vizuri, za chini hushikana. Hivyo kila ngazi imerekebishwa kwa jicho na kujaribiwa kwenye kipande cha karatasi ileile.

Rangi za maji hukauka zikiwa nyepesi kuliko zilivyoonekana zikiwa mbichi. Mchanganyiko unaoonekana sahihi ukiwa na maji utakuwa hafifu baada ya nusu saa. Kanuni inayofanya kazi: ikiwa mbichi ionekane nzito kidogo kuliko unavyotaka, na kipande cha majaribio kikaushwe kabla ya kukubaliwa. Kuruka hatua hii ndiko kunakozalisha zile picha zilizofifia ambazo baadaye mtu huzirekebisha kwa tabaka 5 zisizopangwa, hadi zinakuwa matope.

Michoro midogo ya sm 7 kwa 5 imefanywa kwa penseli, kila mmoja ukiwa na toni 3 tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Mchoro usiosomeka kwa toni 3 hautaokolewa na rangi 5. Michoro iliyokataliwa ilikuwa na tatizo moja kati ya mawili. Kwanza, nyeupe, kijivu na nyeusi ziligawana eneo sawasawa, na jicho halikujua pa kwenda. Pili, mlima na anga vilikuwa na toni moja, vikitenganishwa na rangi tu. Tofauti ya rangi bila tofauti ya toni huyeyuka ukisimama mita 3 kutoka kwenye picha.

Awamu ya 4: kupunguza mandhari kuwa maumbo

Njia iliyotumika ni ya kukata. Unaanza na mstari wa upeo, ambao hauwekwi katikati ya karatasi, kisha unapita juu ya mgongo wa mlima kwa mistari minyoofu tu. Kila mpindo unageuzwa kuwa mistari 2 au 3. Baada ya hapo mlima unagawanywa kwa mstari mmoja unaoshuka kutoka kileleni kwenda msingi: upande huu mwanga, upande ule kivuli. Mstari huo usishuke wima. Ukiupinda mara moja au mbili, pembetatu inapata uzito wa mlima. Ukishuka wima na pande zikilingana, unapata hema.

Sheria ya pili imeleta mabadiliko makubwa kuliko ilivyotarajiwa: mistari yote ya mshazari ifuate miinamo 3 pekee. Kwa mfano nyuzi 20, nyuzi 35 na nyuzi 60, kushoto au kulia. Paa la nyumba, bega la mlima na mpaka wa shamba vinapokuwa na mwinamo mmoja, picha hujifunga yenyewe. Mandhari yenye miinamo 11 tofauti hubaki vipande vilivyotawanyika hata kama rangi zake zinapatana.

Ya kuangalia kabla ya kuhamisha mchoro: kilele kisigusane na mstari wa umbo jingine. Ama kipite juu yake waziwazi ama kibaki chini yake waziwazi. Vilevile pembe ya paa isiishie hasa juu ya mstari wa ziwa. Pale ncha mbili zinapogusana, umbali baina ya vitu hupotea na vyote huonekana vimebandikwa kwenye ukuta mmoja. Ukubwa pia usilingane: umbo moja kubwa linaloongoza, matatu au manne ya wastani, mengine madogo.

Mchoraji Paul Klee aliposafiri Tunisia mwaka 1914 pamoja na wachoraji wenzake August Macke na Louis Moilliet, baadhi ya picha zake za rangi za maji zilifika mbali zaidi ya hapa: mandhari ikawa karibu miraba mitupu ya rangi, na vitu vichache tu vya kutambulika. Mradi huu hauendi huko, lakini kuzitazama kunasaidia kujua ni kiasi gani kinaweza kuondolewa kabla mahali hapajapotea.

Mchoro unafanywa kwenye karatasi ya kawaida, kisha unahamishwa kwa kuuweka chini ya karatasi ya picha dhidi ya kioo cha dirisha, kabla ya kubandika ubaoni. Raba ikisugua sana karatasi ya picha huondoa gundi ya usoni, na mahali hapo mpako utafyonzwa kama doa jeusi. Penseli ni HB kwa mkono mwepesi. Ya 2H huchimba mfereji na rangi hujaa humo. Laini kama 4B hutoa unga unaochafua njano. Mstari wa penseli ukishafunikwa na mpako ni vigumu kufutika, kwa hiyo uwe hafifu kiasi cha kuonekana na wewe tu. Rula imetumika kwa mstari wa maji peke yake. Ziwa lililoinama linaonekana kosa mara moja, ila mlima uliopigwa rula hupoa na kuwa bango.

Awamu ya 5: mpako bapa

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na haifai kuharakishwa.

Ubao umeinuliwa kwa kipande cha mbao cha sm 5 hadi 7 chini ya ukingo wa juu. Kwa ubao wenye urefu wa sm 30, hiyo ni kama nyuzi 10 hadi 14. Chini ya hapo rangi haishuki, inatuama. Juu sana, inakimbia na kuacha michirizi. Mchanganyiko uandaliwe wote kabla ya kugusa karatasi: kwa umbo la sm 15 kwa 20, vijiko viwili vya chai vinatosha na kubaki kidogo. Kuishiwa katikati ni kosa lisilotibika, kwa sababu mchanganyiko wa pili hautalingana na wa kwanza, na muda wa kuutengeneza ni muda wa ukingo kukauka.

Brashi ya mviringo namba 10 au 12, yenye ncha nzuri na tumbo linaloshika maji mengi. Brashi ndogo ndiyo chanzo cha mistari mingi: mizigo 15 midogo badala ya mizigo 5 mikubwa, na kila mzigo ni nafasi ya kutofautiana.

Mpako unaanza juu. Pitisha brashi iliyojaa kwa ulalo, na rangi itashuka na kujikusanya kwenye ukingo wa chini kama kijibwawa. Mpitisho unaofuata unagusa kijibwawa hicho tu, haupandi juu ya sehemu iliyokwisha kupakwa. Kijibwawa kinabebwa hivyo hadi chini. Ukifika mwisho, kamua brashi kwa kitambaa na ufyonze maji yaliyobaki. Yakiachwa, yatakaa pale huku sehemu ya juu ikikauka, kisha yatarudi kupanda kwenye karatasi yenye kiu, yakisukuma chembe za rangi mbele yake na kuacha doa lenye kingo za mawimbi. Doa hilo linaitwa ua na wengi, na kwenye umbo bapa haliwezi kufichwa.

Sasa pembetatu. Maelekezo ya kawaida ya mpako huzungumzia mstatili, lakini mandhari haya yana pembe. Kanuni iliyothibitika: anza kwenye ncha nyembamba, ikiwa juu. Kwa mlima hilo ni jambo la kawaida, unaanza kileleni na kijibwawa kinapanuka kadiri unavyoshuka. Kwa bonde, yaani pembetatu iliyosimama kwa kichwa, geuza ubao mzima. Ukianza upande mpana na kushuka kuelekea nchani, maji ya upana wote yanakusanyika kwenye pembe moja finyu, na pembe hiyo hubaki bwawa.

Umbo lenye miguu miwili, kama mlima unaoachana kuzunguka shamba, linadai vijibwawa viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kitakauka ukiwa unalisha kingine. Suluhisho liko kwenye mchoro: gawanya umbo hilo kwenye mstari wa kivuli ili kila mguu uwe umbo lake.

Ukingo unakatwa kwa ncha ya brashi ikielekea nje kwenye mstari, tumbo likiwa ndani ya umbo. Ukishika kinyume, tumbo hupita mstari. Kwa mwenye kutumia mkono wa kulia, ukingo wa kushoto wa umbo ni mwepesi kwa mkao huu. Kwa ule wa kulia, zungusha ubao kidogo, usipinde kifundo cha mkono. Kingo zinakatwa wakati wa kushuka, si kabla. Anayezunguka umbo zima kwa mstari wa rangi kisha kujaza ndani hupata fremu nyeusi iliyokauka mapema.

Hata hivyo, ukingo mweusi kidogo utabaki, na una sababu. Maji huvukiza haraka zaidi kwenye ukingo wa eneo lililolowa, maji ya ndani huelekea huko kujaza pengo, na yanabeba pigmenti pamoja nayo. Mpako wenye maji mengi sana huongeza jambo hili, wenye maji ya wastani hulipunguza. Katika mtindo huu kiasi chake kidogo kinafaa, kwa vile kinakaza mpaka wa umbo bila kuchora mstari.

John Sell Cotman, mchoraji wa Uingereza, alijenga picha ya daraja la Greta yapata 1805 kwa mipako bapa ya namna hii iliyopangwa ubavu kwa ubavu, karibu bila maelezo madogo. Anayetaka kuona mpako tulivu unavyoweza kubeba mwamba, maji na majani kwa pamoja, hapo kuna somo la zaidi ya karne mbili ambalo halijachakaa.

Awamu ya 6: majirani

Maumbo mawili mabichi yakigusana, yanachanganyika. Kila mtu anajua hilo, na bado ndiyo kasoro inayojirudia kuliko zote, kwa sababu swali la kweli ni kujua lini umbo limekauka. Hatua ziko 4. Kwanza karatasi inang'aa na maji yanaonekana. Pili, mng'ao unapungua na kuwa kama wa hariri. Tatu, mng'ao umetoweka lakini karatasi ni baridi ukigusa kwa mgongo wa vidole. Nne, joto lake ni sawa na la karatasi isiyopakwa.

Hatua ya pili ndiyo ya hatari: brashi yenye maji kuliko karatasi ikigusa hapo, ua linazaliwa. Hatua ya tatu inadanganya zaidi, maana inaonekana kavu. Tabaka jipya likipita juu yake linakwangua la chini. Hatua ya nne pekee ndiyo ruhusa. Kwenye karatasi hii, mpako wa wastani huchukua kama dakika 20 hadi 40 kwa hewa tulivu, au dakika chache kwa kikausha nywele kilichoshikwa umbali wa sm 30, na hicho kisiwashwe kabla ya mng'ao kutoweka. Kikiwashwa mapema, upepo husukuma maji na kuacha mawimbi.

Njia 3 za kushughulikia mpaka zimejaribiwa.

Ya kwanza ni kuacha uzi mkavu wa karatasi, karibu mm 1, baina ya maumbo. Inaharakisha kazi, kwani kila kitu kinapakwa kwa mfululizo, na mwanga mweupe unaopita kati ya maumbo unapendeza. Tatizo ni kwamba ukizunguka kila umbo kwa uzi mweupe, picha inakuwa dirisha la vioo vya rangi. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, katika picha zake za rangi za maji za mlima Sainte-Victoire, aliacha karatasi wazi, lakini si kila mahali wala si kwa upana uleule. Uzi huo uachwe upande wa mwanga tu.

Ya pili ni kupaka kwa kuruka: maumbo yasiyogusana kwanza, kisha yaliyobaki baada ya kukauka. Inahitaji mpango ulioandikwa. Namba 1, 2 au 3 zinaandikwa kwenye mchoro mdogo ndani ya kila umbo kuonyesha zamu.

Ya tatu ni kupitiliza. Umbo jepesi linapakwa mm 2 au 3 ndani ya eneo la jirani yake mzito, na mzito anapofuata hufunika ukingo huo. Hakuna pengo wala mstari mweupe. Inafanya kazi pale tu tofauti ya toni ni ngazi 2 au zaidi. Ikiwa ngazi moja, mshono wa tabaka mbili unaonekana kama mstari mwembamba mweusi, na hapo ni afadhali rangi zikutane ubavu kwa ubavu.

Tepu ndani ya picha, ili kupata mistari minyoofu, haipendekezwi. Juu ya karatasi tupu inakubalika. Juu ya rangi iliyokauka inaweza kung'oa chembe na nyuzi, na isipobanwa vizuri maji hupenya chini yake kwa meno. Kimiminika cha mpira cha kufunikia kinafaa kwa madirisha na tanga ndogo. Brashi ichovywe kwenye sabuni kwanza, kimiminika kisikaushwe kwa joto, na kisiachwe kwa wiki nyingi kwenye karatasi.

Awamu ya 7: tabaka za milima

Safu 3 za milima zimepakwa kwa mchanganyiko mmoja tu. Tabaka la kwanza linaanza kwenye mgongo wa mlima wa mbali na kushuka hadi chini ya karatasi. Likikauka kabisa, la pili linaanza kwenye mgongo wa safu ya kati. La tatu, la karibu. Toni zinapanda zenyewe na hewa ya umbali inajitokeza bila hesabu. Mchanganyiko uwe toni ya 2. Ukianza na toni ya 3, safu ya mwisho itakuwa nzito mno.

Tabaka la nne lilijaribiwa na mwanga wa karatasi ukaanza kufa. Kama safu zaidi zinahitajika, ya mwisho ipewe mchanganyiko mzito mara moja. Brashi ya tabaka ipite mara moja bila kusugua, hasa juu ya PB29, ambayo huamka kirahisi. PB15:3 chini ya tabaka nyingine ni salama zaidi.

Vivuli vyote vinapata mchanganyiko mmoja: PB29 na PV19 kidogo, na tone la PBr7, ukipitishwa juu ya rangi ya msingi iliyokwisha kukauka. Kivuli cha ukuta, cha mlima na cha mti vikitoka kwenye kibakuli kimoja, vinakubaliana kwamba jua ni moja. Mshale wa mwelekeo wa mwanga umechorwa kwenye tepu, na hautaonekana tepu ikitoka.

Awamu ya 8: anga, maji, miti

Anga inayofifia: vibakuli 3, mchanganyiko kamili, nusu, na maji matupu yenye doa la rangi. Kila mipitisho miwili, hamia kibakuli kinachofuata. Usiongeze maji ndani ya brashi moja kwa moja; hapo ndipo hatua za ghafla zinapotokea.

Maji ni maumbo ya mlalo. Kivuli-taswira cha mlima kinashuka wima chini yake. Kitu cheusi huakisiwa kikiwa chepesi kidogo, na kitu cheupe kikiwa kizito kidogo. Ukingo wake wa chini ukatwe kwa mistari 2 au 3 ya mlalo ya karatasi kavu, isiyolingana urefu.

Miti iwe pembetatu au duaradufu, za saizi 3, zikipishana. Miti 5 yenye nafasi sawa ni uzio.

Awamu ya 9: picha nzima

Maumbo 11: anga, safu ya mbali, mlima (pande 2), ziwa, mashamba 2, nyumba (ukuta wa mwanga, ukuta wa kivuli, paa), na taswira ya mlima majini. Mwanga unatoka kushoto. Mlima una upande wa mwanga wa toni ya 2 wenye joto, upande wa kivuli wa toni ya 4 wenye ubaridi, na safu ya mbali ya toni ya 3 inapita nyuma yao. Kwa mpango huo safu hiyo ni nzito kuliko upande mmoja na nyepesi kuliko mwingine, kwa hiyo mlima unasomeka pande zote mbili bila msaada wa mstari.

Zamu ya kwanza: anga, PB15:3 yenye PV19 kidogo, inayofifia kuelekea chini. Inaruhusiwa kupitiliza chini ya safu ya mbali na chini ya upande wa kivuli. Upande wa mwanga hairuhusiwi, kwa sababu njano ya udongo juu ya samawati itageuka kijani. Wakati anga inakauka, mashamba yanapakwa, kwa kuwa hayaigusi: la kushoto PY42 toni ya 2, la kulia PY42 na PB29 toni ya 3. Yenyewe kwa yenyewe yanagusana, hivyo uzi wa mm 1 umeachwa baina yao, na umekuwa njia ya miguu bila kukusudiwa iwe njia.

Zamu ya pili: upande wa mwanga wa mlima, PY42 na PBr7 kidogo. Ziwa linasubiri, linagusa msingi wa mlima.

Zamu ya tatu: safu ya mbali, PB29 na PV19. Baada yake ziwa, kwa mchanganyiko wa anga uliokolezwa kidogo. Safu na ziwa vinakutana pembeni kwa sm 3, na kati yao kumesubiriwa hatua ya nne ya ukavu.

Zamu ya nne: upande wa kivuli, kwa mchanganyiko mmoja wa vivuli wa Awamu ya 7. Umeanzia kileleni na kushuka bila kusimama. Kisha ukuta wa kivuli wa nyumba kwa toni ya 3, na paa kwa PBr7 karibu tupu. Ukuta wa mwanga ni karatasi yenyewe, umbo pekee lenye toni ya 1 kwenye picha nzima, na kwa hiyo jicho linaanzia hapo.

Zamu ya mwisho: taswira ya mlima, ngazi moja chini ya mlima wenyewe. Toni ya 5 imetumika mahali pawili tu, mlango na ukanda mwembamba chini ya ukuta. Kila ukiongeza weusi mahali pengine, unaupunguzia mlango kazi.

Kasoro zilizobaki kwenye picha hii: shamba la kulia lina ua dogo kwenye pembe ya chini, kijibwawa hakikufyonzwa. Mgongo wa safu ya mbali una mipindo 4 inayolingana upana, na inasomeka kama msumeno. Ua linaweza kupunguzwa kwa brashi ngumu yenye unyevu, kupapasa, na kufyonza kwa tishu, kwa sababu PY42 na PB29 zinakubali kutoka kwa kiasi. Msumeno hauondoki. Unarekebishwa kwenye mchoro wa picha inayofuata, kwa kuunganisha vilele viwili kuwa bega moja refu.

Tepu inavutwa picha ikiwa kavu kabisa, polepole, kwa pembe ndogo, kuelekea nje ya picha. Ikianza kung'oa karatasi, ipashwe joto kwa kikausha nywele. Karatasi ikiwa imejikunja, mgongo wake unapuliziwa maji kidogo, inawekwa uso chini kati ya karatasi mbili safi, ubao juu, uzito juu ya ubao, hadi kesho yake.